Kaa na K'aa: Juu ya Kumfundisha Usiyemwona

Kwa muda wa mwaka mmoja na ushei nilikuwa mmoja wa watu watatu tuliopewa kazi ya kuandaa masomo ya kujifunzia mtu peke yake, ya kuwekwa kwenye intaneti, kwa ajili ya watu wazima wanaojitayarisha kuanza kusoma Kichina. Nasema wanaojitayarisha, kwani darasa lenyewe lilikuwa na walimu wake na vitabu vyake. Kazi yetu sisi ilikuwa ya ukumbini tu: kumpokea mgeni, kumwonesha pa kuvulia viatu na pa kukaa, kabla hajaitwa ndani na mwenye nyumba. Mmoja wetu alikuwa amesoma China kwa miaka mingi na Kichina chake kimekomaa. Wa pili alikuwa fundi wa programu. Mimi niliitwa kwa sababu ya Kiswahili. Maelezo yote yalitakiwa yawe kwa lugha ambayo msomaji anaiota usiku, wala si kwa Kiingereza cha kukopa.

Siku moja fundi wetu alikuja na rai. Alikuwa amepitia masomo ya majaribio na kuona kwamba watu wengi waliyaacha palepale yalipofika kwenye toni. Basi, akasema, tuziondoe. Tuwape kwanza salamu, hesabu, majina ya vyakula, bila ya kutaja toni hata kidogo. Wakishanogewa, toni watazikuta mbele ya safari. Mwenzetu wa Kichina alikasirika, akasema huo ni uongo. Fundi akajibu kwamba hakuna neno hata moja la uongo ndani yake, ila kuna jambo ambalo halikusemwa. Wakanigeukia mimi, kama kwamba aliyesoma fasihi ndiye kadhi wa mambo haya.

Sikuwa na jibu siku ile. Nimekuwa nikilifikiri swali hilo tangu hapo, na nimeona kwamba ni kubwa kuliko Kichina: je, ni halali kumficha mtu uzito wa jambo ili apate moyo wa kulianza?

Kabla ya kuhukumu, inafaa tujue kilichokuwa kinafichwa. Silabi moja ya Kichina hubadilika maana kwa mkondo wa sauti inayoibeba. *Mā*, sauti ikiwa juu na kutulia, ni mama. *Má*, ikipanda, ni katani. *Mǎ*, ikishuka na kuinuka, ni farasi. *Mà*, ikianguka ghafla, ni kukaripia. Mfano huu umo katika kila kitabu na watu huucheka, kwani ni nani atakayemkosea mama kwa farasi? Lakini wako mapacha wengine wasiochekesha. *Mǎi* ni kununua, na *mài* ni kuuza. *Shísì* ni 14, na *sìshí* ni 40. Mfanyabiashara wetu anayekwenda Guangzhou kununua vitambaa na vipuri hahitaji Kichina cha kughani mashairi. Anahitaji kununua, kuuza, 14 na 40. Ukimfundisha maneno hayo bila ya toni, umempa mizani isiyo na mawe.

Hata hivyo, hoja ya fundi ilikuwa na uzito wake, na sitaki kuipita kama kwamba ni hoja ya mtu mvivu. Mtu mzima anayefungua somo saa nne za usiku si mtoto wa skuli. Ametoka kazini, watoto wamelala, anahesabu fedha za vifurushi vya simu. Ana saa moja, pengine nusu. Idara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo huwasomesha lugha maofisa wake, hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji takriban saa 2,200 za darasani ili aweze kufanya kazi kwa Kichina; kwa Kiswahili chetu humtosha saa 900 hivi. Mwambie mtu huyo siku ya kwanza kwamba mbele yake pana saa 2,200, na kwamba orodha ya serikali ya China ya mwaka 2013 ina herufi 3,500 katika daraja la kwanza peke yake, kisha tazama kama utamwona tena siku ya pili. Ukweli uliosemwa wote kwa pumzi moja unaweza nao kuwa namna ya kumfungia mtu mlango. Nimewaona walimu wa aina hiyo: husema kweli tupu, na darasa lao huwa tupu vilevile.

Nilianza kuona njia pale nilipotenganisha mambo mawili ambayo fundi alikuwa ameyaunganisha. Kuchelewesha si kuficha. Mwalimu wa chuoni hamfundishi mtoto siku ya kwanza hukumu zote za tajwidi. Humwanzia alifu na be. Lakini hata ile alifu na be huifundisha kwa makhraj yake. Hamwambii mtoto, tamka ha na kha utakavyo, tutazitenganisha utakapobaleghe. Kinachocheleweshwa ni wingi wa mambo, na ile sehemu ndogo ambayo mtoto amepewa huwa imekamilika, nzuri ya kutumika siku hiyohiyo. Neno la Kichina lisilo na toni halijakamilika. Ni kama irabu zimetolewa katika neno letu, kisha mtu akaambiwa kwamba atapewa irabu mwakani.

Nikarudi na rai yangu: tupunguze maneno, tusipunguze neno. Badala ya maneno 30 katika masomo ya mwanzo, yawe manane, lakini kila moja na toni yake, lisikike kwa sauti ya mwanamke na ya mwanamume, polepole na kwa mwendo wa kawaida. Fundi alinung'unika, kisha akakubali. Hapo nilidhani suala limekwisha. Kumbe lilikuwa limeanza.

Programu yetu ilikuwa na kipengele ambacho msomaji hutamka neno, nayo ikamjibu. Fundi alikuwa ameiweka iwe laini: karibu kila unachosema, inakuambia *hongera*. Nilijaribu kwa makusudi kusema "kununua" kwa toni ya "kuuza", ikaniambia hongera. Nikakohoa. Hongera. Tulicheka sana siku ile. Lakini usiku nilimfikiria yule mfanyabiashara, na kicheko kikaniishia. Maana huyu atapewa hongera mia moja chumbani kwake, kisha atasimama mbele ya duka Guangzhou na kusema neno lake, na mwenye duka atamtazama tu. Atarudia, atatazamwa tena. Wala hatatulaumu sisi. Atajilaumu yeye, aseme: mimi si mtu wa lugha, akili yangu imeshazeeka. Hongera zetu za bure zitakuwa zimemwibia kitu ambacho hakuwa nacho kingi, nacho ni kujiamini.

Na hapa ndipo nilipoona ubaya wa pekee uliomo katika kazi hii. Mwalimu wa ana kwa ana akimdanganya mwanafunzi kwa huruma, iko siku atakutana naye njiani, aone matokeo ya huruma yake, na pengine atatubu. Sisi tulioandika masomo hatuyaoni. Huruma tunaifanya sisi, aibu anaipata mwingine, katika mji mwingine, mwaka mwingine. Plato, katika maandishi yake yaitwayo *Phaedrus*, alimfanya Socrates ayalalamikie maandishi kwa sababu ya karibu na hiyo: yamekaa kama picha, ukiyauliza hayajibu, na hayajui yanasema na nani. Leo yako yanayojibu, tena kwa ufasaha. Lakini kujibu si kujali, na kifaa kinachojibu hongera kwa kikohozi kimepiga hatua moja nyuma ya karatasi, kwani karatasi angalau hunyamaza.

Nisidhaniwe kwamba sifa zote za uongo nazitia katika kapu moja. Sisi watu wa pwani ni mafundi wa jambo hili. Tumewatengenezea watalii Kiswahili kidogo cha "jambo" na "hakuna matata", Kiswahili ambacho mtu wa nyumbani hakisemi kwa mwenzake, na mtalii akikitamka tunampigia makofi na kumwambia kwamba anazungumza vizuri mno. Je, tunamdhulumu? Sidhani. Mtalii hakuja kununua mahitaji ya maisha yake kwa lugha hiyo. Amekuja kwa siku saba, amechukua neno moja kama anavyookota kombe ufukweni. Lakini fikiri kwamba mtu huyohuyo amekuja kuwa muuguzi Mkoani, naye amefunzwa kwa hongera zetu kwamba "jambo" inatosha. Sifa ileile ambayo jana ilikuwa ukarimu, leo imekuwa khiyana. Kilichobadilika ni haja ya mtu.

Na hawa wanaojitayarisha kusoma Kichina huku kwetu, wengi wao wana haja. Madaktari kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964. Wako wauguzi waliofanya kazi pembeni yao muda mrefu kwa ishara za mikono na Kiingereza cha pande mbili. Wako wanaotafuta nafasi za masomo. Wako watembezaji wa wageni. Wako wafanyabiashara niliowataja, ambao pia wanastahiki kuambiwa jambo ambalo vitabu vingi hulinyamazia: huko Guangzhou watasikia watu wakizungumza Kikantoni wenyewe kwa wenyewe, na wasidhani kwamba masomo yamewadanganya. Tuliliandika hilo katika somo la kwanza, sentensi mbili tu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifurahisha kuliko yote, ambalo wapenzi wa ushairi, naamini, watalielewa upesi kuliko mafundi wa programu.

Kichina huandikwa kwa herufi za Kilatini kwa mfumo uitwao pinyin, uliopitishwa mwaka 1958. Mmoja wa waliotangulia katika kuutunga ni Zhou Youguang, aliyezaliwa 1906 na kufariki 2017. Msomaji wetu akiona *b*, *d* na *g* za pinyin huzisoma kama b, d na g za Kiswahili. Hukosea. Sauti hizo za Kichina hazina ghuna. Ziko karibu zaidi na p, t na k. Na zile zinazoandikwa *p*, *t* na *k* ni p, t na k zenye mpumuo, pumzi inayofuka mdomoni baada ya sauti. *Dùzi* ni tumbo, na *tùzi* ni sungura, na baina yao hapana tofauti nyingine ila pumzi hiyo. Mgonjwa anayemwambia daktari wa Kichina kwamba sungura wake anauma atachekwa kidogo, kisha, tuombe Mungu, ataeleweka. Vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza hulieleza jambo hili kwa maneno ya Kiingereza, vikimtaka msomaji aweke karatasi mbele ya mdomo na kutamka maneno mawili ya lugha hiyo. Kwa hiyo mtu wetu hufanya mtihani wa Kiingereza kwanza ndipo aruhusiwe kujaribu Kichina. Kuna udhalimu mdogo hapo, ambao tumeuzoea hata hatuuoni.

Nilikuwa nikisikiliza sauti hizo nyumbani, nikirudia na kukosea. Shangazi yangu, mzaliwa wa Lamu, mtu wa miaka sabini na kitu, alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe husikii? Huyo si asema maneno mawili mbalimbali?" Nikamwambia nasikia, lakini siwezi kuyatamka. Akayatamka yote mawili, sawasawa, la pili na pumzi yake kamili. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akanishangaa. "Ni kama kaa na k'aa," akasema. "Kaa la moto, na k'aa wa baharini."

Msomaji wa mashairi ya kale anajua shangazi alichosema. Kiswahili cha pwani kilikuwa, na kwa wazee wengi bado kina, mpumuo unaotenganisha maneno. Paa la nyumba na p'aa wa porini si neno moja lenye maana mbili. Ni maneno mawili. Tembo la mnazi na t'embo mwenye mkonga, kadhalika. Kamusi ya Padri Charles Sacleux, iliyoanza kutoka 1939, huonesha tofauti hizo. Lakini tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930, haikuziwekea alama, na skuli zikatufundisha kwamba kisichoandikwa hakipo. Mimi nimekua nikiambiwa kwamba kaa ni neno moja lenye maana tatu au nne, na nikawa nalitumia hilo kama mfano wa utajiri wa lugha. Kumbe ulikuwa mfano wa umasikini wa masikio yangu.

Basi somo letu la tatu likaandikwa upya, na mwalimu wake akawa k'aa. Hatukuanza kwa kumwambia mwanafunzi kwamba Kichina kina sauti za ajabu. Tulimuuliza: nyumbani kwenu, wazee wanatamka vipi kaa la moto na k'aa wa baharini? Kama unasikia tofauti, basi nusu ya kazi ya somo hili uliifanya ukiwa mtoto.

Hapo tena palikuwa na mtego wa uongo mtamu, na nusura nitumbukie. Niliandika kwamba *sisi Waswahili* tunayo sauti hii. Mwenzetu wa Kichina, ambaye kwao ni bara, akaniambia kwa upole kwamba yeye anazungumza Kiswahili tangu kuzaliwa na hana. Alisema kweli. Vijana wengi wa mijini, hata hapa visiwani, hawana tena. Na mamilioni ya wazungumzaji wa Kiswahili sanifu hawakuwahi kuwa nayo. Kwa upande mwingine, kwao yeye wanasema lugha ya Kibantu yenye toni, na toni za Kichina hazikumtisha kama zilivyonitisha mimi, kwani Kiswahili kimepoteza toni ambazo jamaa zake wengi, hata majirani zetu Wamijikenda, bado wanazo. Sisi tumebaki na mkazo, ambao mara nyingi hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tofauti chache kama ile ya barabara ya kupita na barábara ya sawasawa. Kila mtu, basi, huja na urithi wake, na hapana urithi unaotosha. Nikabadilisha sentensi. Ilipoteza ladha kidogo, ikawa kweli.

Juu ya herufi nitapita upesi, ingawa ndizo zinazowavutia watu kwanza. Uongo unaopendwa zaidi hapa ni kwamba Kichina huandikwa kwa picha. Ziko herufi chache zilizoanza kama picha, lakini zilizo nyingi zimeundwa kwa sehemu mbili, moja ikidokeza maana na ya pili ikidokeza sauti. Herufi ya *mā*, mama, ina alama ya mwanamke upande mmoja na herufi ya farasi upande wa pili. Farasi yumo kwa sababu ya sauti yake, *mǎ*, basi. Mtu mmoja alituletea kisa kizuri cha kumsaidia mwanafunzi akumbuke: mama ni mwanamke anayefanya kazi kama farasi. Kisa kinakaa kichwani, sikatai. Lakini mwanafunzi atakwenda kukisimulia kwa Mchina kama historia ya herufi yenyewe. Tulikiacha, tukaandika juu yake kwamba hii ni hila ya kukumbukia tu. Watu wazima hawaoni ubaya kupewa hila, ila hawapendi kugundua baadaye kwamba ilikuwa hila.

Kwa msomaji wa visiwani kuna ladha ya kweli isiyohitaji kutiwa sukari: upande wa kushoto wa herufi ya bahari, *hǎi*, yamo matone matatu ya maji, na matone hayohayo yamo katika herufi ya ziwa na katika moja ya herufi za mto. Kamusi iliyoamrishwa na mfalme Kangxi, iliyokamilika 1716, ilipanga herufi zote chini ya alama 214 za namna hiyo. Ukizijua thelathini au arubaini zilizo maarufu, huwi tena mtu aliyesimama mbele ya ukuta.

Na kwa wapenda mizani: tuliweka shairi moja fupi la Li Bai, *Jing Ye Si*, mishororo minne ya mizani tano tano, silabi 20 zote kwa jumla, ambalo watoto wa China hulihifadhi mapema. Tuliliweka lisikike kabla ya kuelezwa maana yake. Wenzangu waliogopa kwamba ni mapema mno. Mimi nilishikilia, kwani watu wetu wamezoea kuhifadhi kwanza na kufahamu baadaye. Hivyo ndivyo tulivyosoma chuoni, na sikio lililowahi kuhesabu mizani na kungojea kina haliogopi kubeba silabi 20. Kama kuna jambo katika kazi yote ile ambalo nilifanya kwa ajili ya kujifurahisha mwenyewe, ni hilo, na silijutii.

Nimetaja chuo mara mbili, na msomaji mwangalifu anaweza kunishika hapo. Chuoni elimu ya matamshi hupokelewa kutoka kinywani mwa mwalimu, naye aliipokea kutoka kinywani mwa mwalimu wake. Mtu hajifunzi makhraj kwa kusoma kitabu peke yake chumbani. Kama ndivyo, kwa nini tunawafungia watu wazima vyumbani na simu zao, tukaita hiyo elimu?

Jibu langu ni sitara. Mtoto akikosea mbele ya wenzake huchekwa, akalia, akacheza. Mtu mzima akikosea mbele ya watu, khasa mbele ya walio wadogo kwake, hukosea mara moja tu. Mara ya pili haji. Nimewajua watu wa heshima zao waliokufa hawajui kusoma kwa sababu hawakutaka kukaa jamvi moja na wajukuu. Mama mwenye miaka hamsini anaweza kukosea *mā* mara mia jikoni kwake na asisikiwe na mtu ila sufuria. Sitara hiyo si jambo dogo, na yeyote anayeibeza hajapata kuwa mwanafunzi mzee. Kwa sababu hiyohiyo tuliondoa vibonzo vya panda na makofi ya kitoto. Sitara haikamiliki kama umemfunika mtu kisha ukamvalisha kofia ya utoto.

Lakini sitara ina mwisho wake. Lugha husemwa kwa uso wa mtu. Ziko programu nyingi leo zinazomhesabia mtu siku alizofungua bila ya kukosa, zikimtisha kwamba hesabu itavunjika, na wako waliokaa humo miaka bila ya kusema neno moja na mzungumzaji hai. Fundi alitaka tuweke hesabu hiyo. Mara hii sikuwa na shaka, nikakataa. Chumba cha kujitayarishia kinachomzuia mtu asitoke kimegeuka jela, hata kikiwa na mito laini. Tulikubaliana kwamba masomo yawe 24, yasizidi, na katika lile la mwisho pasiwe na kitufe cha kuendelea.

Bado sijui kama nilikuwa na haki katika kila nililoshikilia. Hata baada ya kupunguza maneno na kukaza masikio ya ile programu, waliofika somo la 24 ni wachache kuliko walioanza, na fundi hakusita kunikumbusha. Pengine katika walioacha yumo mmoja ambaye hongera tano za bure zingemvusha. Namfikiria huyo mara kwa mara. Mwanafunzi aliyedanganywa na aliyevunjika moyo wote wawili hawaonekani, na anayesema kwamba anajua ni yupi aliye wengi anakisia tu. Mimi nimechagua kumkosea yule anayeweza kurudi kesho na kuanza tena, kuliko yule atakayesimama mbele ya daktari akiwa na neno la bandia mkononi. Mwenye kuchagua kinyume changu simwiti mwongo, ila ningependa anieleze kwanza kwamba amewahi kumwona mtu huyo wa pili.

Tulipokamilisha, nilimpa shangazi asikilize somo la kwanza, kwa kuwa deni lake kwetu lilikuwa kubwa. Aliweka simu juu ya meza, akajifunga vizuri ushungi wake, akasikiliza hadi mwisho. Nilimuuliza anaonaje. Akasema sauti ni nzuri, na maneno anayasikia. Kisha akauliza, "Na huyu binti anayesema, mbona hakunisalimu?"

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza. Sauti ilianza moja kwa moja na somo: hii ni toni ya kwanza. Watu watatu, mwaka mmoja na ushei, na hakuna aliyeona. Asubuhi yake tukampigia simu yule binti, tukamwomba aje arekodi upya.